Shirika la Kulinda Watoto Likifika Kijijini, Mzazi Anaruhusiwa Kuuliza Nini?

Kila tunapozungumzia haki za watoto katika vipindi vyetu, kuna swali ambalo wazazi huturudishia. Wanataka kujua shirika linaloingia shuleni na kuzungumza na watoto wao limetumwa na nani, linapata wapi fedha na linazitumiaje. Wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba wanaogopa kuuliza, maana anayeuliza anaweza kuonekana ana jambo analolificha nyumbani kwake.

Hofu hiyo tunaielewa, lakini haina msingi wa sheria. Katika makala haya tunaeleza kile ambacho mzazi anayo haki ya kukijua, kile ambacho hatakiwi kukidai, na mahali pa kwenda asipojibiwa. Jambo kubwa la kushika ni moja: siri katika kazi hii ni ya mtoto, si ya shirika. Tukilitenganisha hilo, mengi yanakuwa mepesi.

Kwa nini kazi hii inahitajika

Tuanze kwa kuwa wakweli. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Wengi wao hawakumweleza mtu yeyote.

Mara nyingi anayemuumiza mtoto si mgeni. Ni mtu anayejulikana: ndugu, jirani, mwalimu, au mtu wa nyumbani humo humo. Ndiyo maana afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa shirika wakati mwingine huzungumza na mtoto bila mzazi kuwepo. Haimaanishi kila mzazi anashukiwa. Mtoto anayeteswa na baba mdogo wake hawezi kusema neno huku baba mdogo amekaa kwenye kigoda pembeni.

Lakini shirika linalopewa nafasi hiyo ya kukaa na mtoto faragha limepewa dhamana kubwa. Na mwenye dhamana kubwa ndiye anayepaswa kuulizwa zaidi. Mifano miwili kutoka nchi nyingine za Afrika inaonyesha kinachoweza kutokea maswali yasipoulizwa mapema.

Chad, mwaka 2007: watoto 103

Mwezi Oktoba 2007, katika mji wa Abéché mashariki mwa Chad, polisi waliwazuia watu wa shirika moja la Ufaransa liitwalo L'Arche de Zoé wakijiandaa kuwapakia watoto 103 kwenye ndege kwenda Ufaransa. Shirika hilo lilikuwa limeziambia familia za Ulaya kwamba watoto hao ni yatima waliookolewa kutoka vita ya Darfur, nchini Sudan. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bandeji ili waonekane majeruhi, ilhali hawakuwa na majeraha.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu walipowahoji watoto mmoja mmoja, ilibainika kuwa 91 kati yao walikuwa wakiishi na familia zao, wakiwa na angalau mtu mzima mmoja waliyemtambua kama mzazi. Wengi walitoka vijiji vya mpakani, upande wa Chad. Wazazi walieleza kuwa waliahidiwa watoto wao wangesomeshwa papo hapo Abéché. Kwa mzazi wa kijijini ambako shule iko mbali, ahadi kama hiyo ni vigumu kuikataa. Hawakuambiwa habari ya ndege.

Wafaransa sita walihukumiwa nchini Chad mwezi Desemba 2007 kifungo cha miaka minane na kazi ngumu. Siku chache baadaye walipelekwa kwao kutumikia adhabu, na mwezi Machi 2008 Rais wa Chad, Idriss Déby, akawasamehe. Watoto nao walirudishwa kwa familia zao mwezi huo huo, baada ya miezi kadhaa kwenye kituo cha kulelea watoto. Mahakama ya Paris nayo iliwatia hatiani viongozi wa shirika hilo mwaka 2013.

Funzo lake ni hili: mzazi aliambiwa jambo moja, na mfadhili wa ng'ambo akaambiwa jambo jingine. Kama maelezo ya shirika yangewekwa hadharani, yakasomwa pande zote mbili, uongo ungeonekana mapema.

Liberia: nani anamwangalia mlinzi?

Mfano wa pili unatoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia. Shirika la More Than Me, lililoanzishwa na Mmarekani Katie Meyler, lilijitangaza kuwa linawaokoa wasichana wa mtaa maskini wa West Point wasiingizwe kwenye biashara ya ngono. Lilipata sifa nyingi, na mwaka 2012 lilishinda zawadi ya dola milioni 1 huko Marekani. Mwaka 2013 likafungua shule.

Mwaka 2014, mwanamume aliyeshiriki kulianzisha na aliyepewa kazi ya kuwatafuta wasichana wa kusaidiwa alikamatwa kwa tuhuma za kuwabaka baadhi ya wasichana hao hao. Alifariki mwaka 2016 kabla kesi yake haijafikia mwisho. Mwaka 2018 waandishi wa habari za uchunguzi walichapisha habari hizo kwa kina, watu wakaandamana Monrovia wakidai majibu, na mwaka 2019 mwanzilishi akajiuzulu.

Hapa hakuna aliyesema uongo kuhusu safari. Kilichokosekana ni usimamizi. Mtu mmoja alipewa mamlaka juu ya nani asaidiwe na nani asisaidiwe, na hapakuwa na mlango wa wazi ambao mtoto au mama yake angeubisha kulalamika. Shirika linaweza kuwa na nia njema, fedha na sifa, na bado mtoto akaumia ndani yake.

Sheria yetu inasemaje

Hatusemi kila shirika liko hivyo. Yapo mashirika mengi hapa nchini yaliyookoa watoto ambao sisi wenyewe, kijiji kizima, tulikuwa tumewafumbia macho. Ila sheria zetu hazikumwacha mzazi ategemee nia njema tu.

Kwanza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Hakuna anayeruhusiwa kumnyima haki hiyo isipokuwa mahakama ikiamua kwamba kuendelea kuishi nao kutamdhuru. Kwa hiyo shirika, hata liwe kubwa kiasi gani, halina mamlaka yake lenyewe ya kumtenga mtoto na wazazi. Hiyo ni kazi ya afisa ustawi wa jamii na mahakama, na shirika linasaidia tu. Makao ya watoto nayo hayaendeshwi bila leseni ya Serikali.

Pili, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika litengeneze kila mwaka taarifa ya kazi zake na taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Taarifa hizo haziishii kwa Msajili. Sheria inataka ziweze kupatikana kwa umma, na umma ni pamoja na wewe uliyeko shambani ukisoma haya kwenye simu.

Tatu, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze mara mbili kwa mwaka fedha ilizopata, chanzo chake na matumizi yake. Lifanye hivyo kwenye magazeti na vyombo vingine vya habari vinavyowafikia walengwa. Redio ni mojawapo ya vyombo hivyo.

Nne, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya mwanao akiwa na kamasi na shati lililochanika, ikizungushwa mitandaoni kuombea fedha, si jambo la kupita hivi hivi.

Maswali ya kuuliza

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali pazuri pa kuuliza. Muombeni mwenyekiti au mtendaji aliweke jambo hili kwenye ajenda na kuwaalika wahusika. Tunapendekeza maswali haya:

1. Shirika limesajiliwa chini ya sheria ipi, na cheti kiko wapi? Mashirika yasiyo ya kiserikali yako chini ya Msajili aliye katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, na cheti chake hudumu miaka 10. Jumuiya na taasisi za dini husajiliwa kwingine, kwa hiyo jibu linaweza kutofautiana. Lakini lazima liwepo.

2. Mwaka huu mmepokea kiasi gani kwa ajili ya kazi ya hapa kwetu, na kimetumikaje? Ni kiasi gani kimewafikia watoto, na ni kiasi gani kimekwenda kwenye mishahara, magari na semina? Mishahara si dhambi, maana kazi hufanywa na watu. Kinachotakiwa ni kujua uwiano wake.

3. Nani anaruhusiwa kukaa na mtoto faragha, na mlimchunguzaje kabla ya kumwajiri?

4. Mfanyakazi wenu akimkosea mtoto, malalamiko yanapelekwa kwa nani? Kama jibu ni kwamba yanapelekwa kwa mfanyakazi huyo huyo au bosi wake pekee, hapo pana tatizo.

5. Mtoto akipelekwa kwenye makao, ni kwa amri ya nani, atakaa kwa muda gani, na familia itamtembeleaje?

6. Picha na habari za watoto wetu mnazitumia wapi, na nani alikubali?

7. Mradi ukiisha, watoto mliokuwa mkiwahudumia wataachwa kwa nani?

Yasiyoulizwa mkutanoni

Sasa tugeuke upande wa pili, maana haki ya kuuliza nayo ina mipaka. Usidai kutajiwa jina la mtoto aliyehudumiwa. Usidai kujua nani alipeleka taarifa. Usitake kesi ya familia fulani ifafanuliwe mbele ya watu. Shirika likikataa kujibu hayo, linafanya kazi yake sawasawa, na tulipongeze.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua vijiji vyetu. Lipo neno "uwajibikaji" linaloweza kutumiwa na mtu aliyemharibu mtoto ili amjue aliyemsema. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anakiukwa haki zake atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Watu wakianza kutajwa hadharani, hakuna atakayethubutu tena kusema.

Kwa upande mwingine, shirika lisijifiche nyuma ya mtoto. Ukiuliza hesabu za mwaka ukajibiwa kwamba ni siri kwa usalama wa watoto, jibu hilo halikai. Bei ya mafuta ya gari haina jina la mtoto ndani yake. Idadi ya watoto waliohudumiwa inaweza kutajwa bila kumtaja hata mmoja.

Usipojibiwa

Anza karibu: mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata. Wasipokusaidia, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, kwa kuwa ndiye anayeratibu mashirika haya wilayani kwa niaba ya Msajili. Mambo ya mtoto mwenyewe, kama vile makao anayoishi, ni ya Afisa Ustawi wa Jamii. Andikeni barua fupi, wazazi kadhaa msaini pamoja, mbaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Yenye muhuri hujibiwa.

Lakini kama unachokijua si suala la hesabu bali ni mtoto anayeumizwa sasa hivi, iwe na mtu wa shirika, mwalimu au ndugu, usisubiri mkutano. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga Huduma ya Simu kwa Mtoto namba 116. Simu hiyo ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kwa mashirika yanayotusikiliza na kutusoma, nasi tuna neno. Msisubiri kuulizwa. Bandikeni mapato na matumizi yenu kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi zinazosomeka. Mzazi anayejua mnachokifanya ndiye atakayewaletea taarifa ya mtoto wa jirani anayelia usiku. Asiyejua atafunga mlango wake, na mtoto huyo mtamkosa.