Mfuasi Hafanyiki kwa Siku Moja



Kila mtu wa mwambao wa Kigoma na Ujiji ajua jinsi mtoto afundishwavyo uvuvi wa dagaa. Baba hamketishi barazani amweleze kwa maneno tu. Humchukua chomboni usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Kwanza kazi ya mtoto ni kumwaga nje maji yaingiayo na kuangalia taa isizimike. Humtazama baba yake jinsi ashushavyo wavu na jinsi atuliavyo mawimbi yakiinuka. Baada ya miezi mingi ndipo apewapo kamba mkononi. Akiivuta vibaya hukemewa, akavuta tena, wala hafukuzwi.

Basi twauliza: kwa nini uvuvi twaufundisha kwa saburi namna hii, bali kumfuata Kristo twataka kuishe kwa kukariri?

Sisi wenyewe tunalo kosa la kuungama mbele yenu. Mwaka mmoja tulikuwa na darasa la wakatekumeni, vijana hodari. Majibu ya katekisimu waliyajua yote pasipo kukwama, nasi tukajisifu moyoni. Siku ya Pasaka wakabatizwa, kengele zikapigwa, tukala na kufurahi. Tangu siku ile hatukuuliza tena habari zao. Mmoja wao alikuwa mvuvi, yatima wa baba. Tulipoona hayumo kanisani tulisema, "Atakuwa ziwani." Hata siku moja mama yake akaja kwetu, akasema, "Mwalimu, mwanangu alipokuwa hajabatizwa ulimwita kwa jina lake. Alipobatizwa ukamsahau."

Hatukuwa na jibu. Tukaenda kambini kwa wavuvi, tukamkuta amezama katika pombe na madeni. Hakutukimbia. Alisema tu ya kuwa shida zilipomfikia hakujua aende kwa nani. Tangu hapo twamwendea kila juma. Jumapili nyingine huja, nyingine haji, nasi hatujaacha.

Mwinjili Marko atuonyesha ya kuwa Bwana wetu aliwachagua wale kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, ndipo awatume. Walikula naye, walivuka ziwa naye, walikosea mbele yake. Petro alimkana, naye Bwana hakumtupa. Sisi twapenda kutuma watu upesi kabla hawajakaa na mtu yeyote.

Katika mwambao wetu tunao mfano mkubwa. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, mji uliozoea misafara ya pembe na watumwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1889, alifika Karema, kusini katika ufuko huu huu wa mashariki, mtu aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali. Akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na huko mapadre wakamkomboa. Wakamlea, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Ndipo akaja Karema, akiwa tabibu na katekista pamoja. Akaoa huko, na mwanawe Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Atiman hakuondoka tena. Aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka 67.

Tufikiri jambo hili. Kulipa fedha ya kumkomboa mtoto ni kazi ya siku moja. Kumlea ni kazi ya miaka. Waliomkomboa wangaliweza kusema, "Amekuwa huru, amebatizwa, yatosha." Hawakusema hivyo. Naye alipokwisha kupata elimu, hakuwapa watu wa Karema dawa tu, akaenda zake. Aliwapa maisha yake yote. Jinsi alivyolelewa, ndivyo alivyolea.

Ninyi wazazi, msiwaachie walimu peke yao kazi hii. Mtoto hujifunza kusali kwa kumwona baba yake amepiga magoti, na hujifunza kusamehe kwa kumsikia mama yake akipatana na jirani. Ninyi wasimamizi wa ubatizo, hamkuitwa kwa ajili ya karamu ya siku ile. Ulizeni: mtoto wetu yu wapi sasa, na nani yu karibu naye? Nasi walimu, tusihesabu majina ya daftarini tu. Kila mmoja wetu na amchague mtu mmoja, amwendee nyumbani kwake, ale naye, asali naye, asichoke akianguka. Wala tusione haya kujulikana ya kuwa sisi nasi tungali tukijifunza. Maana asiyefuata hawezi kuongoza.

Yule mama alituuliza neno moja tu. Ndugu, kabla ya Jumapili ijayo, mtafute yule ambaye nafasi yake kanisani i tupu, umwite kwa jina lake.