Mji Hupangwa Kabla ya Kujengwa

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani bibi yangu alipougua ghafula usiku. Gari lilikuja upesi, lakini halikuweza kufika mlangoni, maana kichochoro cha mtaani petu ni chembamba, hata watu wawili hupishana kwa taabu. Basi baba, majirani na mimi tulimbeba bibi juu ya kiti mpaka barabarani. Mungu alimjalia akapona. Niliporudi shuleni nikajiuliza: ni nani aliyesahau kuacha njia? Hakuna aliyesahau. Kila mtu alijenga kwake, na hapakuwa na aliyepanga kwa ajili ya wote.

Kupanga matumizi ya ardhi maana yake ni kuamua mapema wapi patakuwa makazi, soko, shule, kiwanda, barabara, njia ya maji ya mvua na uwanja wa watoto. Wengi huchanganya kupanga na kupima. Kupima ni kuweka mipaka ya viwanja kama ramani ya mpango isemavyo. Kumilikisha ni kumpa mtu hati yake. Kupanga hutangulia. Ukipima pasipo kupanga, umeweka alama tu juu ya makosa.

Huenda mtu akauliza, “Kiwanja ni changu, kwa nini nizuiwe?” Ni kwa sababu moshi haujui mipaka, wala maji ya mvua hayasomi hati.

Mataifa hayapangi kwa njia moja. Katika mji wa New York, jengo kubwa la Equitable lilikamilika mwaka 1915 likazinyima njia za jirani mwanga wa jua. Mwaka 1916 mji ule ulitunga sheria ya kuugawa katika kanda, kila kanda na kanuni zake za matumizi na kimo cha majengo. Kwa desturi ya kanda, anayetimiza kanuni hupata kibali bila mabishano. Lakini huko huko Marekani, mji wa Houston hauna sheria ya kanda mpaka leo.

Uingereza ilishika njia nyingine kwa sheria yake ya mwaka 1947. Huko mpango ni mwongozo. Halmashauri hulitazama kila ombi kwa hali yake, kisha hukubali au hukataa. Njia ya kwanza humpa mjenzi uhakika, lakini ni ngumu kama fimbo kavu. Ya pili hupindika panapo haja, lakini mwombaji hajui atajibiwa nini.

Kwetu Tanzania, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mijini hufuatwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007: mpango kabambe huonyesha sura ya mji mzima, na mipango ya kina huonyesha viwanja na njia. Vijijini, halmashauri ya kijiji hutayarisha mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaouidhinisha. Nalipenda jambo hili, kwa kuwa mkulima na mfugaji husemezana kabla ya kugombana.

Lakini mtaa uliokwisha kujengwa utapangwaje? Hapo hufanywa urasimishaji: wakazi hukaa pamoja, wakakubaliana kila mmoja aachie hatua chache ili njia ipatikane. Mtaani kwetu shauri hilo limeanza. Nyumba yetu itapoteza baraza anapokaa baba na wazee wenziwe jioni, naye bado hajakubali.

Najua gazeti hili hufika nyumbani. Baba, shikamoo. Baraza lile nami nalipenda, maana ndipo uliponifundisha kusoma. Lakini usiku ule tulikibeba kiti pamoja, nawe wajua uzito wake. Nikija likizo, nitakusaidia kutengeneza baraza jingine upande wa uani.