Taa za Pissarro, Usiku Mmoja wa Paris

Februari 1897, mchoraji Camille Pissarro alichukua chumba katika Hôtel de Russie mjini Paris, akaweka turubai mbele ya dirisha. Alikuwa na miaka 66 na jicho lilikuwa likimsumbua, upepo na vumbi la nje hakuyaweza tena. Chini yake ilinyooka Boulevard Montmartre. Aliichora mara 14, siku za mawingu na siku za jua, na mara moja tu usiku. Mchoro huo wa usiku uko National Gallery, London. Anayeutazama kwa haraka husema umevurugwa, na ndiyo maana nauchagua.

Mpangilio wake ni mwepesi kuusoma. Mchoraji yuko juu ghorofani, hivyo barabara inaanza pana chini ya picha na kusinyaa kadiri inavyokwenda mbali. Majengo, miti na magari ya farasi yaliyoegeshwa vyote vinalielekea giza moja huko mwisho. Hakuna mtu aliyetangulizwa mbele awe mhusika mkuu.

Kwenye rangi tukae kidogo. Anga si jeusi, ni buluu iliyokolea. Katikati zimepangwa taa za umeme, kitu kipya zama zile, mwanga wake mweupe wa baridi. Maduka yanawaka gesi, manjano na rangi ya chungwa. Sasa, chungwa na buluu zikiwekwa ubavu kwa ubavu, kila moja humkoleza mwenziwe. Mkemia Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili katika kitabu cha mwaka 1839, baada ya kushughulikia rangi za nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins. Toa ile buluu, na maduka yote yatazimika.

Halafu sogea uone brashi ilivyopita. Watu ni vidoa viwili vitatu tu, hawana uso. Barabara imelowa, na mwanga uliomwagika juu yake ni mipako mifupi ya rangi nzito, kila mmoja umeachwa ulipotua bila kulainishwa. Mtu wa Ole, kisiwani Pemba, hili halimpi tabu. Karafuu zilizoanikwa jamvini kando ya barabara, kwa mbali zote ni kahawia. Ukiinama, hii bado ina ukijani, ile ina wekundu, nyingine imekwisha kauka. Jicho ndilo lililozichanganya. Kwa hiyo mchoro wa namna hii usiutazame ukiwa umesimama pahala pamoja: nenda karibu mpaka barabara ipotee ibaki rangi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka irejee.

Mazoezi ya kutazama rangi hivi hayahitaji safari ya London. Baada ya magharibi, simama Ole kando ya barabara, ulinganishe balbu ya dukani na moto wa mkaa wa mchoma mahindi. Usijiulize vitu hivyo ni rangi gani kwa kawaida. Uliza ni rangi gani saa hiyo, na giza linalovizunguka lina rangi gani.

Pissarro hakuutia saini mchoro huu, wala hakuuonyesha kwa umma hadi anafariki mwaka 1903. Huenda aliuona haujakamilika. Kwangu mimi ndio bora kuliko ile 13 mingine, kwa sababu humo mkono wake haukupata nafasi ya kupamba chochote.