Chujio la Tangi la Samaki kwa Maji ya Kivu

Petite Barrière, mpaka wa waenda kwa miguu kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, huvukwa na maelfu ya watu kila siku, na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ni miongoni mwa bidhaa wanazovusha. Hao ni samaki wa kitoweo. Anayetaka samaki wa kutazama sebuleni naye hana shida ya maji, kwani ziwa liko hapo hapo. Ila maji ya Kivu yana tabia yake, na tabia hiyo inabadilisha kabisa hesabu ya chujio.

Wengi hununua chujio kwa kusoma namba kwenye boksi. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba pampu ipitishe maji ya tangi zima mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 400 hadi 600 kwa tangi la lita 100. Kanuni si mbaya, lakini namba ya boksi kwa kawaida hupimwa pampu ikiwa tupu, haina sponji wala kazi ya kupandisha maji. Pima mwenyewe: kinga maji yanayotoka kwa chombo cha lita 1. Kikijaa kwa sekunde 9, unapata lita 400 kwa saa. Rudia baada ya wiki chache, sponji ikiwa imeshika uchafu, na utaona sekunde zimeongezeka.

Hata hivyo, si kasi ya maji inayowaweka samaki hai. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu; wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha karibu mwaka 1890 kwamba vijidudu hawa huishi kwa kazi hiyo hiyo. Chujio, basi, ni nyumba yao, nao huchukua wiki 4 hadi 6 kuijaza.

Sasa tuje kwenye Kivu. Maji ya juu ya ziwa hili yana pH ya karibu 9. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzi joto 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni takriban asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mahali pengine wangekivumilia, hapa kinaua.

Halafu kuna mwinuko. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa kwa joto lile lile. Bakteria nao wanaihitaji: kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia wanayoibadilisha hula zaidi ya gramu 4 za oksijeni.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mkazi wa Gisenyi asitafute pampu kali zaidi. Mkondo mkali huwachosha samaki bure. Atafute chujio lenye nafasi kubwa ndani, na mapovu ya hewa ya kutosha. Nafasi hiyo inaweza kujazwa kwa kitu ambacho volkano za hapa zimekimwaga kila mahali: mawe meusi yenye matundu. Vunja jiwe moja uliangalie kwa karibu. Matundu yameingia hadi ndani, na kila ukuta wake ni sakafu ya bakteria. Yasugue, yachemshe, kisha yapange nyuma ya sponji.

Sponji yenyewe ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Nitrati haiondoki kwa chujio la kawaida, hivyo badilisha robo ya maji kila wiki. Na ongeza samaki wachache wachache, ili bakteria wapate muda wa kuongezeka pia.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa hukosa oksijeni na kuanza kufa. Usiliwashe hivyo hivyo. Mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake. Na kama umeme wa kwenu hukatika mara kwa mara, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki wa kwanza.