Unafuu wa Kodi kwa Mafuta ya Mimea: Mkulima Anapata Nini?

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo laweza kuonekana ni la watu wa mjini wenye magari, lakini linafika mpaka shambani. Nalo ni misaada ambayo Serikali za nchi mbalimbali hutoa ili magari yaache kutegemea petroli na dizeli peke yake, yatumie pia mafuta yanayotokana na mimea. Mtu akija kijijini na magunia ya mbegu akasema, "Pandeni zao hili, litaendesha magari, Serikali imeondoa kodi," mkulima ana haki ya kuuliza: kodi hiyo imeondolewa kwa nani?

Tuanze na maneno yenyewe, maana huchanganywa. Ruzuku ni fedha ambayo Serikali inaitoa, kwa mfano kumsaidia mtu kujenga kiwanda au kununua mtambo. Unafuu wa kodi ni fedha ambayo Serikali ingeikusanya, lakini imeamua kuiacha. Zote mbili ni mali ya wananchi. Ila kodi iliyoachwa hubaki mikononi mwa yule ambaye angeilipa, na mkulima wa eka mbili halipi kodi ya kutengeneza mafuta wala ushuru wa gari jipya. Kwa hiyo unafuu huo haumfikii moja kwa moja. Unamfikia mwenye kiwanda kwanza, na mkulima atauona tu ikiwa bei ya mazao yake itapanda, au ikiwa sheria inamlazimisha mwenye kiwanda kumgawia.

Hebu tuangalie Brazil, nchi ambayo imeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Huko tangu mwaka 1931 sheria ilidai petroli iliyotoka nje ichanganywe na alkoholi kwa asilimia 5. Lakini mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, ikafika karibu mara nne, na Brazil ilikuwa inaagiza kutoka nje sehemu kubwa sana ya mafuta yake. Wakati huo huo bei ya sukari, iliyokuwa juu mno mwishoni mwa mwaka 1974, ikaporomoka. Wenye viwanda vya sukari wakawa na miwa isiyo na soko zuri, na Serikali haina fedha za kigeni za kununulia mafuta. Ndipo tarehe 14 Novemba 1975 Serikali ya Rais Ernesto Geisel ikaanzisha mpango wa taifa wa alkoholi, ambao Wabrazil huuita Proálcool.

Alkoholi hiyo hupatikana kwa kuchachusha maji ya miwa, kisha kuyachemsha na kuupoza mvuke wake. Wanaoijua gongo wameshaelewa, hatuna haja ya kuwafundisha. Tani moja ya miwa hutoa karibu lita 80, na makapi yake huchomwa ili kuendesha mitambo, hivyo kiwanda hakinunui kuni wala mafuta mengine ya kuchemshia.

Sasa, misaada yenyewe ilikuwaje? Wenye viwanda walipewa mikopo ya kujenga mitambo ya alkoholi kwa riba iliyokuwa chini ya kasi ya kupanda kwa bei, yaani aliyekopa alirudisha fedha yenye thamani ndogo kuliko aliyochukua. Mwaka 1979, bei ya mafuta ilipopanda tena, mpango ukapanuliwa, na mwaka huo huo likatoka gari la kwanza la kuuzwa lililotumia alkoholi tupu, Fiat 147. Serikali ikaahidi kwamba bei ya alkoholi kwenye pampu haitazidi asilimia 65 ya bei ya petroli. Hiyo ilikuwa lazima, kwa sababu lita ya alkoholi humfikisha dereva kiasi cha asilimia 70 tu ya mwendo wa lita ya petroli. Kodi ya gari la alkoholi ikapunguzwa, na madereva wa teksi wakapata unafuu zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, katika kila magari 10 mapya ya abiria yaliyouzwa nchini humo, zaidi ya 9 yalikuwa ya alkoholi.

Kwa hesabu ya magari, mpango ulifaulu. Kwa hesabu ya shamba, mambo ni tofauti. Mikopo ilikwenda kwa wenye viwanda na mashamba makubwa, hasa katika jimbo la São Paulo, na miwa ikaenea mahali palipokuwa na mazao mengine. Kazi ya kukata ilifanywa na vibarua wa msimu waliolipwa kwa kadiri walivyokata. Mwezi Mei 1984, katika mji wa Guariba, vibarua hao waligoma. Sababu mojawapo ni kwamba walizoea kukata mistari 5 ya miwa kwa mkupuo mmoja na kuirundika katikati, lakini viwanda vikawataka wakate mistari 7. Asiyewahi kukata miwa ataona mistari miwili ni kitu kidogo. Aliyekata anajua kwamba kila muwa wa mstari wa pembeni inabidi uubebe mbali zaidi, jua kali, kutwa nzima, na ujira ni kwa ulichokata. Alkoholi ilikuwa na ruzuku, lakini ruzuku hiyo haikuwa imefika kwenye panga.

Ahadi nayo ilikatika upande wa pili. Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka, na baadaye bei ya sukari ikapanda. Wenye viwanda wakaona faida iko kwenye sukari. Mwaka 1989 na 1990 alkoholi ikaadimika, magari yakapanga foleni vituoni, na nchi ile iliyojaa miwa ikalazimika kuagiza alkoholi ya namna nyingine kutoka nje ili kuchanganya. Watu wakaacha kununua magari ya alkoholi. Yalirudi kwa sura mpya mwaka 2003, yalipotoka magari yanayokubali petroli au alkoholi kwa kiasi chochote katika tenki moja. Dereva akawa anachagua mwenyewe kila afikapo kituoni.

Baada ya hapo Brazil ikajaribu njia nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wakulima wadogo. Sheria ya Januari 2005 ilihusu dizeli ya mimea. Safari hii Serikali ilitaka unafuu wa kodi uende na sharti. Kiwanda kingepata cheti, kinachoitwa muhuri wa kijamii, endapo kingenunua kiasi fulani cha malighafi kutoka kwa familia za wakulima: mwanzoni ilikuwa asilimia 50 katika Kaskazini Mashariki yenye ukame, na asilimia 30 katika majimbo ya kusini. Kilitakiwa kuandikiana mkataba na mkulima mapema, bei ikiwemo, na kumpelekea mtaalamu wa kilimo. Kwa mbarika (sehemu nyingine huitwa mnyonyo) iliyolimwa na familia za Kaskazini Mashariki, kodi mbili kuu za taifa juu ya dizeli hiyo zilisamehewa zote.

Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri, na sisi tunasema bado wazo lake ni zuri. Lakini mbarika ilikataa. Mafuta yake ni mazito mno kwa injini, na viwanda vya rangi, vilainishi na vipodozi huyanunua kwa bei inayozidi ya dizeli. Viwanda vikawa vinanunua mbarika kutoka kwa wakulima ili kulinda cheti, vinaiuza kwingine, halafu vinatengeneza dizeli kwa soya. Mavuno kwa eka nayo yalikuwa kidogo, na wataalamu hawakufika kila kijiji. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya mazao yaliyonunuliwa kwa muhuri ule ilikuwa soya ya vyama vya ushirika vya kusini, wakulima wadogo kweli, lakini wenye matrekta, maghala na ushirika wenye nguvu. Tangu Agosti 2025 dizeli ya Brazil huchanganywa na asilimia 15 ya dizeli ya mimea, na iliyo nyingi ni ya soya. Wale wa nchi kavu, ambao kwa ajili yao unafuu ulitungwa, walibaki na sehemu ndogo.

Turudi nyumbani. Jirani zetu wa Malawi walianza kuchanganya alkoholi ya molasi katika petroli mwaka 1982, kutoka mtambo wa Dwangwa. Kwetu Tanzania, kati ya mwaka 2005 na 2010, wimbo ulikuwa mbono kaburi. Eti unamea popote, hautaki maji, hautaki mbolea. Ni kweli unamea popote, lakini kumea si kuzaa: kwenye udongo maskini mbegu zilikuwa chache, kuzichuma ni kazi ya mkono, na mashudu yake yana sumu, ng'ombe hali. Makampuni yaliyochukua ardhi Kisarawe na Kilwa kwa kazi hiyo yalisimama. Na hapo kuna jambo la kuangaliwa sana. Kwa sheria yetu, ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji wa kigeni hubadilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, akija mwenye magunia ya mbegu, mkataba usomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili. Muulizeni bei imeandikwa au imesemwa kwa mdomo tu. Na kama imeandikwa, ni ya msimu mmoja au mingapi. Muulizeni kodi aliyosamehewa ina sharti gani juu yenu, na cheti chake akikipoteza nani atanunua mzigo. Kisha tazameni zao lenyewe kama lina mnunuzi wa pili. Alizeti, kwa mfano, kiwanda cha dizeli kikifungwa, mafuta yataliwa nyumbani na mashudu yatakwenda kwa ng'ombe. Mbono usiponunuliwa, unafaa kwa ua.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaeleza jinsi ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za alizeti.