Harufu Itawalayo Uzazi wa Panya

Mkulima wa Kibondo au Kasulu amjua panya kwa hasara ya mahindi na maharage ghalani. Mimba ya panya mdogo wa nyumbani huchukua siku 20 hivi tu. Kwa hiyo huongezeka upesi. Je, ni nini kiongozacho uzazi huo?

Katika mkojo wa panya mna kemikali ziitwazo feromoni. Mkojo wa dume huwahisha ubalehe wa majike wachanga. Tena, mwaka 1959 Hilda Bruce, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba jike aliyepandwa karibuni, akinusa dume mgeni, huweza kuharibikiwa na mimba. Harufu hiyo hupokewa na kiungo maalumu puani. Ubongo hupunguza homoni ya prolaktini, na kiinitete hakijishikizi katika mji wa mimba. Dume aliyempanda hana athari hiyo, kwani jike huikumbuka harufu yake.

Majaribio hayo yalifanyiwa maabarani, wala panya wa shambani si wa jamii hiyo. Hivyo mkulima asingoje feromoni: ainue ghala juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati.