Kupandisha kasi ya prosesa ya bei nafuu: kunalipa Kasulu na Kibondo?

Vijana wanaofungua studio za muziki, steshenari na ofisi za kuhariri video za harusi Kasulu na Kibondo wana swali ambalo huturudia kila tunapozungumzia kompyuta hewani. Je, ni kweli prosesa ya bei nafuu inaweza kukimbizwa hadi ifanye kazi kama ya bei ghali?

Inawezekana, kwa kiasi. Lakini kwa mtu aliyedunduliza fedha ya mtaji mmoja tu, swali la kwanza ni hili: shilingi ya ziada iende kwenye kasi ya prosesa, au kwenye vifaa vinavyoizunguka? Katika makala haya tunafafanua jambo lenyewe, faida yake kwa hesabu, na mahali pa kuweka fedha kwanza.

Ovakloki ni nini?

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kiwanda huipa kila prosesa kasi ambayo kina uhakika itaihimili katika mazingira ya kawaida. Kuipandisha juu ya hapo ndiko vijana wa kompyuta wanakoita ovakloki.

Sifa za jambo hili zilikua sana mwaka 1998, Intel ilipotoa prosesa ya bei ya chini iitwayo Celeron 300A. Ilikuwa ya megahezi 300, ikipokea mapigo ya megahezi 66 kutoka kwenye bodi. Watu waligundua kwamba ukiiweka kwenye mapigo ya megahezi 100, nyingi zilifika megahezi 450 bila shida. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 50 bila kununua kitu kipya.

Siku hizi mambo yamebadilika. Viwanda vyenyewe huziuza prosesa zikiwa karibu na ukomo wake, na nyingi hujipandisha kasi zenyewe kazi inapozidi. Nafasi iliyobaki kwa mtumiaji ni ndogo.

Si kila kompyuta inakubali

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na jamaa zake. Ni mashine imara zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na kwa kawaida haziruhusu ovakloki. Prosesa za Intel zilizomo huwa zimefungwa kasi, na hata BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaoufungua kabla kompyuta haijawaka kikamilifu, haina sehemu ya kubadilisha kasi hiyo. Fundi akikuahidi kuipandisha kasi OptiPlex yako, mwombe kwanza akuonyeshe sehemu hiyo.

Kwa upande wa Intel, prosesa zinazofunguka kwa kawaida ni zile zenye herufi K mwishoni mwa jina, nazo huhitaji bodi ya aina ya Z. Kwa upande wa AMD, prosesa za mezani za Ryzen huwa zimefunguliwa, lakini bodi ndiyo inayoamua. Bodi ya A320 hairuhusu, B350 na B450 zinaruhusu. Kwa hiyo aliyenunua Ryzen na bodi ya A320 kwa sababu ni rahisi, ameshafunga mlango huo.

Hesabu ya faida na gharama

Tuchukue Ryzen 3 2200G, prosesa ya bei nafuu iliyotoka mwaka 2018. Ina viini vinne, kasi ya msingi ya gigahezi 3.5, na sehemu ya picha ndani yake, hivyo huhitaji kununua kadi ya picha kuanzia siku ya kwanza.

Tuseme umeipandisha kutoka gigahezi 3.5 hadi 3.9. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 11 hivi. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua dakika 60 kutoka, sasa itachukua kama dakika 54, tena kama kila kitu kingine kinaenda sawa. Na kwa kuwa prosesa hiyo hujipandisha yenyewe hadi 3.7 pale inapoweza, faida halisi mara nyingi ni ndogo zaidi ya hapo.

Sasa tazama upande wa pili. Ili ihimili kasi hiyo, mara nyingi lazima uiongezee volti. Umeme unaoliwa na prosesa, na joto linalotoka, hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka volti 1.2 hadi 1.35 pamoja na kasi hiyo mpya, joto linaongezeka kwa takriban asilimia 40. Wati 65 zinakuwa zaidi ya 90. Umepata kasumi moja ya kasi, umelipa minne ya joto.

Bili ya umeme yenyewe haitishi. Wati 26 za ziada kwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kama uniti tano na nusu. Kwa uniti ya shilingi 350, ni karibu shilingi 2,000. Hasara inayoumiza ni nyingine: faili la mteja kuharibika kompyuta inapojizima katikati ya kazi, au bodi kuungua wakati duka ulikoinunua liko Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Tena udhamini wa AMD haugharamii uharibifu uliosababishwa na ovakloki.

Fedha ianzie wapi?

Kwa miaka mingi wilaya zetu zilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO kabla ya gridi ya Taifa kufika. Hali imekuwa nafuu, lakini bado umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na wengine wana jenereta ndogo ambazo volti zake hucheza. Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu.

Kwanza, pawa saplai. Hiki ndicho kifaa kinachobadili umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta. Yale makasha yanayouzwa na pawa saplai ya bure iliyoandikwa wati 500 mara nyingi hayafiki hapo. Chagua ya jina linalojulikana, yenye alama ya 80 PLUS. Kama ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230 kabla hujachomeka.

Pili, UPS yenye stabilaiza ndani. Usichanganye VA na wati: UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hivi. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima vizuri, si kumaliza kazi.

Tatu, SSD. Hadi diski ya kawaida husoma takriban megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA hufika karibu 550. Kwa kompyuta ya mtumba hii ndiyo dawa. Utaiona tofauti tangu unapoiwasha, na hakuna ovakloki itakayokupa hiyo.

Nne, RAM mbili badala ya moja. Kwa prosesa yenye sehemu ya picha ndani, kama hiyo 2200G, RAM mbili za gigabaiti 4 ni bora kuliko moja ya 8, kwa sababu sehemu ya picha hukopa RAM hiyo hiyo, na mbili hupitisha data kwa njia mbili.

Tano, upozaji. Hewa ya nyanda zetu ni ya baridi kuliko ya Dar es Salaam, na hiyo ni neema. Vumbi jekundu la kiangazi huiondoa neema hiyo. Fungua kasha kila baada ya miezi michache, pulizia feni, na ubadilishe pesti ya prosesa kama imekauka. Usiiweke kompyuta sakafuni.

Kama bado unataka kujaribu

Ukishatimiza hayo matano na una bodi inayoruhusu, nenda taratibu. Hifadhi nakala ya kazi zako kwenye diski nyingine. Pima joto la prosesa ikiwa kazini kabla hujagusa kitu. Ingia BIOS, panda hatua moja ya megahezi 100, kisha ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa kwa programu kama Cinebench au Prime95. Ikitulia, panda tena. Ikiganda au ikijiwasha upya, rudi hatua moja. Volti ongeza kidogo sana, na joto likikaribia nyuzi 80 simama hapo. Kasi ya mwisho ijaribu saa kadhaa kabla hujaiamini na kazi ya mteja.

Ukiona kompyuta haiwaki kabisa baada ya mabadiliko, usikate tamaa. Chomoa waya wa umeme, toa betri ya duara iliyo kwenye bodi, subiri dakika chache, rudisha. Mipangilio itarudi ya kiwandani.

Kwa anayejifunza, ovakloki ni shule nzuri ya kuielewa kompyuta. Kwa anayetegemea mashine moja kulipa kodi ya fremu, UPS na SSD vitamlipa mapema zaidi kuliko zile dakika sita.